Uzi: Mjomba ameuziwa hisa za kampuni iliyoingia sokoni Marekani kwa "muungano wa kinyume". Nianze kusoma hati ipi?

Kijana wa Makorora (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limeishinda familia yetu.

Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa machungwa. Huyanunua Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam. Mwaka jana, msimu ulipomwendea vizuri, jamaa yake alimwalika kwenye kikao katika ukumbi mmoja huku Ngamiani, na hapo akauziwa hisa 20,000 za kampuni iliyosajiliwa katika jimbo la Nevada, Marekani, inayosema kwamba ina leseni za kutafuta dhahabu wilayani Handeni. Aliambiwa kwamba kampuni hiyo iko sokoni tayari, kwa sababu ilifanya muungano wa kinyume na kampuni nyingine iliyokuwa imekwisha kuandikishwa, na kwamba baada ya miezi sita angeweza kuziuza hisa zake siku yoyote anayotaka. Miezi sita imepita na ziada. Dalali wa Marekani aliyewasiliana naye kwa barua pepe amekataa kuzipokea.

Hati ya hisa ninayo hapa mezani. Ni karatasi nzito, ina nakshi za kijani pembezoni na muhuri wa rangi ya dhahabu, na nyuma yake kuna aya moja ya Kiingereza iliyopigwa kwa herufi kubwa tupu, kwa wino mwekundu. Mjomba anasema hajawahi kuigeuza karatasi hiyo tangu alipokabidhiwa.

Jina la kampuni na la aliyeuza sitayataja, kwa kuwa jambo lenyewe halijafika mwisho. Ninachoomba ni kujua muungano wa kinyume ni kitu gani, na nikitaka kuujua ukweli nianze na hati ipi.

Mzee wa Raskazone

Marahaba, mwanangu. Mpe pole mjomba. Nimefanya kazi ya uhasibu tangu enzi za mashamba ya mkonge, na miaka yangu ya mwisho kazini niliandaa hesabu za kampuni ndogo zilizokuwa zikiwasilisha taarifa zake Marekani, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka na apite.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kampuni hewa ni ile ambayo haipo: jina tu, la kulia fedha za watu. Kampuni ganda ipo kihalali. Ina namba ya usajili, wakurugenzi, daftari la wanahisa na wakati mwingine hata alama yake sokoni, isipokuwa haina biashara. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani, SEC, huiita ganda kampuni ambayo haina shughuli au ina shughuli za kuhesabika kwa vidole, na ambayo mali yake ni haba au ni fedha taslimu tu. Baadhi ya maganda ni mabaki ya biashara zilizokufa, mengine yaliundwa tangu mwanzo yaje kuuzwa, na yapo yaliyofufuliwa kwa amri ya mahakama, Nevada ikiwemo, baada ya wakurugenzi wake kutoweka kwa miaka.

Sasa chukulia mfano wa kubuni. Ganda lina hisa 4,000,000 mikononi mwa wanahisa wake wa zamani. Inakuja kampuni binafsi yenye biashara ya kweli, lakini haina subira wala fedha za kupita njia ndefu ya kuuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Wanakubaliana: ganda linatoa hisa mpya 36,000,000 na kuwapa wenye kampuni binafsi, nao wanalikabidhi ganda kampuni yao yote. Kwenye karatasi, ganda ndilo lililonunua. Lakini tazama daftari: hisa sasa ni 40,000,000, wageni wana asilimia 90, wenyeji wamebaki na 10, na wakurugenzi wapya ndio wanaokalia viti. Aliyenunuliwa amegeuka mwenye nyumba. Kinyume chenyewe ndicho hicho.

Sisi wahasibu hatudanganyiki na umbo la karatasi. Kisheria mnunuzi ni ganda. Kihasibu mnunuzi ni kampuni iliyoingia, na hesabu zitakazochapishwa baada ya hapo ni historia ya huyo aliyeingia, huku historia ya ganda ikifutika kwenye vitabu. Hata viwango vya kimataifa vinavyotumika hapa kwetu, kupitia IFRS 3, vina mtazamo unaokaribiana na huo. Ndiyo maana mtu anayefungua taarifa ya mwaka ya kampuni ya namna hii hushangaa kuona kwamba "mwaka jana" wa kampuni hauna uhusiano wowote na jina aliloliona sokoni mwaka jana.

Umeuliza uanze na hati ipi. Anza na Fomu 8-K. Hiyo ndiyo taarifa ya tukio zito, na huwasilishwa ndani ya siku 4 za kazi. Kampuni ya kawaida ikinunua biashara kubwa huruhusiwa kuleta hesabu zilizokaguliwa za biashara hiyo baadaye, hadi siku 71 zaidi ya tarehe ya mwisho ya fomu yenyewe. Zamani maganda nayo yalijificha humo: muungano unatangazwa leo, bei inapanda, wajanja wanauza, na hesabu zinapofika aliyebaki na hisa ni mjomba. Mwaka 2005 SEC ikaziba pengo hilo. Tangu hapo ganda linapoacha kuwa ganda, 8-K yake lazima ndani ya siku hizo hizo 4 ibebe kila kitu ambacho kampuni mpya ingeandika katika Fomu 10 ya kujisajili: biashara yenyewe, hatari zake, wenye hisa nyingi, malipo ya viongozi na hesabu zilizokaguliwa. Haina nyongeza ya siku 71.

Kwa hiyo ukiifungua, tafuta vipengele vinne. Cha 2.01 kinaeleza kilichonunuliwa. Cha 5.01 kinaeleza nani sasa ana mamlaka. Cha 5.06 kinatamka kwamba kampuni imeacha kuwa ganda. Cha 9.01, ambacho watu hukiruka kwa sababu kiko mwishoni na kinafanana na orodha ya viambatisho, ndicho kinachosema hesabu zimeambatishwa au hazikuambatishwa. Mimi huanzia hapo.

Yote haya yanapatikana bure kwenye hazina ya SEC inayoitwa EDGAR. Huhitaji wakala wala ada. Andika jina la kampuni, na ukikosa andika jina lake la zamani.

Kwa kuwa Handeni imetajwa, naomba tusitie watu doa. Kampuni za nje zenye leseni Handeni zimekuwapo kweli. Canaco Resources, iliyokuwa kwenye soko la TSX Venture la Canada, ilichoronga Magambazi. Na Handeni Gold Inc. ya Nevada, ambayo kabla ya 2012 ilijulikana kama Douglas Lake Minerals, taarifa zake zinasomeka EDGAR hadi leo. Sisemi kwamba mojawapo ndiyo ya mjomba. Nasema tu kwamba dhahabu kuwapo Handeni hakuthibitishi chochote kuhusu karatasi uliyo nayo mezani.

Mto Pangani

Mzee, ahsante kwa darsa. Je, yaliyotokea kwa Saruji Tanga, kiwanda chetu cha Pongwe, nayo yalikuwa muungano wa kinyume? Maana tulisikia kampuni ya nje inanunua, halafu mara imepingwa, halafu mara imeruhusiwa.

Mzee wa Raskazone

Hapana, kaka. Ule ulikuwa ununuzi wa kawaida wa hisa nyingi. Tanga Cement iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba Scancem ingenunua asilimia 68.33 zilizokuwa za AfriSam. Shauri likafika Baraza la Ushindani, likazua maneno mengi, na hatimaye likakamilika 2023. Lakini kampuni iliyoorodheshwa ilibaki na kiwanda kile kile, tanuri lile lile na wafanyakazi wale wale. Aliyebadilika ni mwenye hisa. Katika muungano wa kinyume hubadilika hata kilichomo ndani, na kinachobaki ni jina na nafasi sokoni, mara nyingi hata jina lenyewe halibaki.

Ukitaka mfano wa jirani, tazama Nairobi mwaka 2013. City Trust ilikuwa kampuni ndogo ya uwekezaji iliyoorodheshwa kule; ikaichukua benki ya I&M, kubwa kuliko yenyewe kwa mbali, na ikatoka na jina la I&M Holdings. Hakuna aliyefichwa kitu.

Mama Chumbageni

Niwie radhi, Mzee wangu, lakini naona unatupaka mafuta. Njia hii haitumiwi na waungwana. Mwenye biashara nzuri anapita mlango wa mbele, anachapisha waraka wa matarajio, anahojiwa, anasubiri. Anayepita mlango wa uani ana kitu chini ya kanga.

Mzee wa Raskazone

Dada yangu, hata Soko la Hisa la New York lenyewe liligeuka kampuni ya umma mwaka 2006 kwa kuungana na Archipelago, ambayo tayari ilikuwa na hisa sokoni. Mlango wa uani una matumizi ya halali.

Hata hivyo hofu yako ina msingi. Bodi ya Marekani inayosimamia wakaguzi wa hesabu ilihesabu kampuni 159 za China na maeneo yake zilizoingia masoko ya Marekani kwa njia hii kati ya Januari 2007 na Machi 2010. Nyingine zilikuwa kampuni nzuri. Nyingine zilikaguliwa na ofisi ndogo za Marekani ambazo kazi kubwa ilifanywa na watu wengine nchini China, na mashimo yalipoanza kuonekana wakaguzi walijiuzulu kwa mfululizo. Novemba 2011 SEC ikaidhinisha masharti mapya ya masoko makubwa: kampuni iliyoungana kinyume ikae kwanza mwaka mzima katika soko la madalali au soko jingine, iwasilishe taarifa zote zinazotakiwa, na bei yake isimame juu ya kiwango kwa muda, ndipo iombe kuingia NASDAQ au New York. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumeungana mwezi uliopita, mwezi ujao tunaingia NASDAQ", muulize kama ana mwandikishaji, yaani benki ya uwekezaji, aliyejifunga kuuza hisa mpya za angalau dola milioni 40, kwa maana huo ndio msamaha unaofahamika.

Kuhusu miezi sita aliyoambiwa mjomba, kanuni hiyo ipo kweli. Kanuni ya 144 ya SEC inamruhusu mwenye hisa zilizozuiliwa (yaani ambazo hazikusajiliwa kuuzwa kwa umma) za kampuni inayowasilisha taarifa kuuza baada ya kuzishika miezi 6. Nadhani dalali amekataa kwa sababu nyingine.

Wakili wa Barabara ya Nane

Shikamoo, Mzee. Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa inanibidi niingilie, na naomba isichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu.

Miezi 6 ni kanuni ya kampuni ambazo hazijawahi kuwa ganda. Kwa kampuni iliyowahi kuwa ganda, tangu 2008 kanuni hiyo hiyo ya 144 ina kifungu chake cha pekee, na kifungu hicho hakitazami mwenye hisa amezishika kwa muda gani. Kinatazama kampuni. Kinataka iwe imeacha kuwa ganda, iwe bado inawajibika kutoa taarifa, iwe imewasilisha taarifa zake zote za mwaka na za robo mwaka za miezi 12 iliyopita, na uwe umepita mwaka mmoja tangu ilipowasilisha yale maelezo ya Fomu 10 uliyoyaeleza vizuri hapo juu. Neno zito ni "tangu ilipowasilisha". Mwaka hauhesabiwi tangu siku ya muungano, wala tangu siku mjomba alipolipa. Unahesabiwa tangu siku ile karatasi kamili ilipoingia EDGAR, na kampuni ikizembea taarifa za baadaye, mlango hujifunga tena hata kama mwaka umekwisha kupita.

Wala asiwapo wa kusema kwamba sisi tuko Tanga, tumeuziwa nje ya Marekani, hivyo hayatuhusu. Hisa za kampuni ya Marekani zilizouzwa nje kwa Kanuni S nazo huhesabiwa kuwa zimezuiliwa. Hivyo ndivyo ilivyo tangu 1998. Wino mwekundu nyuma ya hati ndio tangazo lenyewe. Kijana, isome aya hiyo. Bila shaka inasema kwamba hisa hazikusajiliwa chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1933 na haziwezi kuuzwa bila usajili au msamaha.

Mzee wa Raskazone

Marahaba, Wakili. Nimekubali, na ninafuta kauli yangu ya miezi sita. Nilistaafu na kanuni ya zamani kichwani. Kijana, rudi EDGAR ututafutie tarehe.

Kijana wa Makorora

Ahsanteni sana. Aya nyekundu inasema kama Wakili alivyobashiri, karibu neno kwa neno.

EDGAR nimeipata. Kampuni ilibadili jina mara mbili. 8-K ya muungano ipo, ina kurasa 6 tu. Kipengele cha 2.01 kina aya moja. Cha 5.01 kipo na kinataja mkurugenzi mpya mmoja. Cha 5.06 sikioni kabisa. Cha 9.01 kinasema hesabu za kampuni iliyonunuliwa "zitawasilishwa kwa marekebisho" ndani ya siku 71. Marekebisho yenyewe nimeyatafuta hadi usiku wa manane, hayapo. Baada ya hapo kuna taarifa moja ya robo mwaka, kisha kuna fomu inayoanza na herufi NT, kisha kimya.

Mzee wa Raskazone

Wamejipa wenyewe siku 71 ambazo ganda halipewi. Ama mwandishi wa fomu hakujua kwamba kampuni yake ni ganda, jambo ambalo naliona gumu kuliamini, ama alijua na akaomba Mungu asitokee msomaji. Na ukosefu wa 5.06 unaonyesha kwamba hawakutaka kulitamka neno lenyewe.

Fomu ya NT ni ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Kampuni ndogo hupewa siku 90 baada ya mwaka wake wa hesabu kufungwa ili ilete 10-K, yaani taarifa ya mwaka. Ikiwasilisha NT kwa wakati huongezewa siku 15. Kimya baada ya NT nimekiona mara nyingi kazini, na kwa kawaida maana yake ni kwamba mkaguzi hajalipwa. Angalia pia kama kuna 8-K nyingine yenye kipengele cha 4.01, ambacho hueleza mkaguzi kuondoka. Lakini usichanganye na 4.02, ambacho ni kibaya zaidi: hapo kampuni yenyewe inasema hesabu zake zilizopita zisitegemewe.

Sasa tunaelewa dalali. Tangu tarehe 28 Septemba 2021 kanuni iitwayo 15c2-11 inawazuia madalali kutangaza bei hadharani kwa kampuni ambazo taarifa zake si za sasa. Mtu atapokeaje hisa ambazo hawezi kuzitangazia bei?

Kijana wa Makorora

4.01 ipo, Mzee. Nilikuwa nimeipita. Ni ya wiki tatu kabla ya NT. Sasa naomba nijibiwe swali moja ambalo mjomba ameniuliza mara tatu leo: mwaka wake unaisha lini?

Wakili wa Barabara ya Nane

Mwambie haujaanza. Maelezo ya Fomu 10 hayajawasilishwa, kwa hiyo hakuna siku ya kwanza ya kuhesabu. Ingekuwa miaka 5 tangu muungano, jibu lingekuwa hilo hilo. Na kampuni ikiendelea kunyamaza, SEC ina uwezo wa kufuta usajili wa hisa zake, na ikifikia hapo madalali wa Marekani hawaruhusiwi kuzigusa.

Mama Chumbageni

Na je, hapa nyumbani? Yule aliyekodi ukumbi akauza karatasi hizi kwa watu wazima wenye akili zao, yeye hana wa kumuuliza?

Wakili wa Barabara ya Nane

Anaye, dada. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, inamtaka anayefanya biashara ya dhamana hapa nchini awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na anayeuza hisa kwa umma awe na waraka ulioidhinishwa. Hisa kuwa za Nevada hakumpi mtu ruhusa ya kuziuza Ngamiani. Huko ndiko ambako mjomba ana nguvu, kwa maana Marekani atakuwa mwanahisa mmoja mwenye hisa 20,000, na kama daftari lina hisa milioni 40 kama katika mfano wa Mzee, hiyo ni asilimia 0.05, lakini hapa yeye ni mnunuzi aliyeuziwa na mtu anayejulikana sura, mahali panapojulikana, siku inayojulikana. Kijana, mjomba alilipaje?

Kijana wa Makorora

Nusu kwa simu, na ujumbe wa muamala ameuhifadhi. Nusu taslimu, akapewa risiti ya mkono isiyo na jina la kampuni, ina sahihi tu. Na kuna karatasi ya mahudhurio ya kikao ambayo mjomba aliipiga picha kwa sababu alitaka kumwonyesha shangazi kwamba alikaa karibu na watu wakubwa. Ina majina kama 30.

Mzee wa Raskazone

Picha hiyo ya kujivunia ina thamani kuliko hati yenye nakshi. Itunzeni.

Wakili wa Barabara ya Nane

Watafuteni hao 30 taratibu, bila kuandika majina yao hapa. Chapisheni 8-K yenye kipengele cha 9.01, ile ya 4.01 na NT, kila moja ikiwa na tarehe ya kupokelewa inayoonekana juu. Malalamiko ya kupeleka kwa Mamlaka yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mfuatano wa tarehe, bila matusi na bila kumwita mtu mwizi. Mjomba aeleze alichoambiwa, alicholipa na alichokuta.

Kijana wa Makorora

Nimemsomea mjomba kila kitu jioni hii, pamoja na aya nyekundu, neno moja moja nikimfasiria. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaichukua hati, akaigeuza mwenyewe kwa mara ya kwanza, akaitazama kama anayetafuta tarehe. Anauliza kama Jumatatu tukipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam aibebe hati yenyewe.

Wakili wa Barabara ya Nane

Bebeni nakala. Hati halisi ibaki kwa shangazi.